Viti Viwili Uwanjani

Mume wangu ni fundi wa lifti, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akibuni viwanja vya kupiganishia mazimwi. Nayasema yote mawili mapema ili usije ukanikatiza katikati. Lifti ni kazi. Hayo mengine mimi nilikuwa nayaita ugonjwa.

Kuna ukurasa kwenye mtandao ambako watu wazima na akili zao timamu kila mmoja ana zimwi lake alilolibuni mwenyewe, kalipa jina, kalipa meno au moto au chochote alichoona kinafaa. Wanapiganisha hayo mazimwi kwa maandishi. Huyu anaandika zimwi lake limefanya hivi, yule akifika zamu yake anajibu. Lakini hawawezi kupigana hewani. Lazima pawe mahali, na mahali hapo pawe na sheria, na awepo mtu wa kusoma kila zamu na kusema imekubalika au irudie. Mtu huyo ndiye mume wangu. Kule wanamwita Fundi, na hawajui kwamba ni fundi kweli.

Aliyemwingiza ni binti yetu, enzi hizo ana miaka kumi na miwili, akichora mazimwi nyuma ya kalenda iliyopitwa na wakati. Aliomba baba yake amtungie mahali pa kupigania, baba akatunga. Binti akakua, akaolewa, akahama, na huo ukurasa sidhani kama anaukumbuka. Baba akabaki nao, kama mtu aliyeombwa ashike mtoto wa watu kidogo tu, mama mtu asionekane tena.

Viwanja vyake vilifika sitini na tatu. Kinachosifiwa kuliko vyote kinaitwa Shimo, na sheria yake ni kwamba hakuna zimwi linaloweza kupanda bila jingine kushuka. Watu waliandika wakimpongeza, oo, ubunifu wa ajabu. Ubunifu gani, jamani? Ni lile jengo la ofisi la ghorofa kumi na nne analofanyia kazi. Lifti ikipanda, upande wa pili kuna mzigo wa chuma unashuka, basi. Hata saluni yangu aliichukua. Siku moja alikuja kunifuata, akakaa kwenye benchi nusu saa huku namalizia kusuka mteja, na wiki hiyohiyo kikazaliwa Uwanja wa Vioo. Asante yenyewe sikupewa.

Miaka ya kwanza sikulalamika sana. Kazini mafundi walikuwa watatu, kazi inagawanyika, na mwanamume anayecheza na simu sebuleni walau unamjua yuko wapi. Kisha mmoja akastaafu, mwingine akapata kazi kwingine, na kampuni ikanyamaza kimya kana kwamba lifti nne zinajitengeneza zenyewe. Mzee wangu akabaki peke yake. Alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, anasoma zamu za watu. Saa ya chakula anasoma zamu. Jioni anarudi hoi bin taabani, mikono inanuka grisi, macho mekundu, anakaa, anasoma zamu. Mimi nami nimesimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu, miguu imevimba. Tulikuwa tunakaa viti viwili vinavyotazamana na hatuna la kuambiana. Nilichoka naye, nasema ukweli, na nilichoka na mimi mwenyewe kwa kulalamika kila siku neno lilelile.

Ndipo ikaja ile Jumanne.

Fundi akitaka kupanda juu ya paa la lifti, ananing'iniza kibao mlangoni kusema lifti inatengenezwa, halafu akifika juu anazima swichi ili isisogee. Ni vitu viwili, amevifanya miaka ishirini na sita. Jumanne hiyo hakufanya hata kimoja. Mama wa usafi akabonyeza kitufe huko juu, naye hana hili wala lile. Lifti ikapanda na mume wangu juu yake. Alijilaza kifudifudi. Ilisimama ghorofa ya nane, na kofia yake ilikuwa imeshakwaruzwa na boriti.

Msimamizi akampa barua: ukirudia, huna kazi. Alipofika nyumbani aliiweka mezani, akakaa.

"Barua si kitu, mama," aliniambia. "Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natafuta neno. Sheria ya uwanja mpya, neno moja lilikuwa halikai vizuri. Nimepanda juu ya lifti natafuta neno."

Akaigeuza ile barua, maandishi yakalala chini.

"Siku nyingine nitakuwa na kibarua, mtoto wa watu, pale juu," akasema. "Naacha haya mambo."

Nilifurahi, sikufichi. Nilimpikia chai nzito, nikamwekea sukari vijiko vitatu, anavyopenda.

Kumbe kuacha kwenyewe si kufunga simu tu. Mtunga viwanja akitaka kuondoka, anatunga kiwanja cha mwisho, panachezwa mechi moja, ikiisha anawakabidhi wenzake viwanja vyake. Akiondoka kabla haijaisha, viwanja vyake vyote vinafutwa, na ushindi wote wa watu uliopatikana humo unafutwa pia. Nikauliza ni mwendawazimu gani aliyeweka sheria hiyo. Akainama. Aliiweka yeye, miaka sita iliyopita, kwa hasira, baada ya mwenzake mmoja kula kona na mechi za watu zikiwa nusunusu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Akatunga kiwanja cha mwisho siku mbili baada ya barua ile, na alivyokuwa amechoka, ungemwonea huruma. Akakiita Sebule. Sheria zilikuwa tatu. Zimwi lililokaa kitini halipigwi. Litakaloinuka kwanza linapoteza nusu ya nguvu zake. Mechi inaisha zimwi moja likibaki peke yake chumbani.

Waliojitokeza ni wawili, wa siku nyingi. Mmoja anajiita Msumari, ana Konokono wa Chuma, na katika mechi arobaini hajashindwa hata moja. Mwingine anajiita Shangazi, ana Ndege wa Moshi. Mazimwi yakaingia. Konokono akakaa. Ndege akakaa. Zamu ya pili, wamekaa. Zamu ya tano, wamekaa. Na kila mmoja anatakiwa aandike walau mara moja kwa siku mbili, na kila zamu lazima Fundi aisome na kuithibitisha, na sheria haibadilishwi mechi ikishaanza.

"Mzee wangu," nilimwuliza, "ni nani anayeweka viti kwenye uwanja wa vita?"

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Nilitaka kila mtu akae."

Wiki ya tatu, wamekaa. Wiki ya tano, wamekaa. Naye yuleyule alfajiri na macho yake mekundu, halafu anakwenda kupanda juu ya lifti. Nikawa namwandikia kwa kalamu kwenye kiganja kila asubuhi: kibao, swichi. Anaondoka kama mtoto wa chekechea aliyeandikiwa na mwalimu. Mimi nikiwa saluni, simu ikilia, moyo unaruka. Mteja akaniambia siku moja, dada, leo unanivuta nywele kama una ugomvi na mimi.

Wiki ya saba macho yakamgomea. Daktari akampa dawa ya matone na kumkataza simu. Basi akanipa mimi simu.

"Nisomee tu, mama. Nikisema thibitisha, unabonyeza hapa."

Miaka kumi na moja sikuwahi kusoma hata mstari. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya maji. Konokono wa Chuma amekaa. Ameona kitambaa cha mgongo wa kiti kimefumwa kwa uzi wa kijani, na pembeni uzi ulikwisha, kikamaliziwa kwa wa bluu. Nikatazama kiti alichokalia. Kitambaa hicho nilikifuma mimi mwaka tuliohamia, na uzi wa kijani uliniishia kweli. Nikaendelea. Ndege wa Moshi amekaa. Anasikiliza feni yenye panga moja lililopinda, na anamwuliza mwenzake kama na yeye ameizoea, maana sasa ikizimwa hapati usingizi.

Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu. Panga lake limepinda tangu binti alipolipiga na mpira.

"Umewapa sebule yangu," nikasema.

"Ndipo mahali ninapopajua kuliko pote," akajibu, macho yamefumbwa, dawa inamtiririka shavuni.

Nikabonyeza.

Kesho yake nikiwa nasubiri mteja nikazisoma zamu zote tangu mwanzo, na huko nyuma hakuna aliyewaza kupigana. Wanaulizana habari. Wanasifu dirisha. Nami nikaisoma tena sheria ya tatu, taratibu, kama ninavyotafuta fundo kwenye nywele. Moja likibaki peke yake chumbani. Sheria haikudai kumpiga mtu. Mmoja ainuke, apoteze hiyo nusu ya nguvu zake, afungue mlango, aende zake. Kufungua mlango kunahitaji nguvu ngapi?

Nikawaandikia wote wawili. Nikasema mimi ni mke wa Fundi, samahani kwa kuingilia, ila mlango upo, hamkuuona?

Shangazi alijibu kabla sijaweka simu chini. "Mama, tuliuona siku ya kwanza. Mmoja wetu akitoka mechi imekwisha, na Fundi anaondoka. Tulikubaliana tukae."

Msumari akaongeza: "Tukidhani naye anapenda tukae. Nisamehe."

Kwa muda nilitaka kuwapa vidonge vyao, nikawa nayatafuta maneno makali. Halafu nikaelewa kwamba hawa watu hawamwibii chochote. Wanampenda. Hawajui tu anakokwenda akifunga simu. Nikawaeleza. Lifti, paa, kibao kilichosahaulika, boriti ya ghorofa ya nane, kofia. Kiganja ninachokiandika kila asubuhi. Niliandika mpaka mteja aliyekuwa ananingoja akaanza kukohoa.

Majibu yalikuja mchana. La Shangazi lilisema tulidhani ni mwalimu mstaafu, mwenye bustani. La Msumari lilikuwa fupi: "Sikujua, mama."

Jioni hiyo nikamsomea mzee wangu zamu mpya.

"Konokono wa Chuma ameinuka kitini."

Alifumbua macho. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Amepoteza nusu ya nguvu," akasema, sauti ya kikazi kabisa. "Ndege anaweza kummaliza sasa hivi."

"Ndege amekaa," nikasema. "Ndege anamwambia asikwaruze sakafu."

Kisha akasema thibitisha.

Konokono ni konokono. Ilimchukua zamu tatu kuvuka sebule yangu, yaani siku sita. Zamu ya kwanza alifika kwenye meza. Ya pili alilipita jiko la mafuta ambalo hatulitumii na hatulitupi. Kila jioni mzee wangu alikaa wima akingoja nimsomee, na hakuuliza kilichompata Msumari hata atupe mechi arobaini namna hiyo. Mimi nami sikumwambia. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na nilikuwa nayasikia maneno hayo tangu utotoni bila kufikiri wana maana gani.

Siku ya sita ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, hata taa hatujawasha. Nikasoma.

"Konokono wa Chuma amefika mlangoni. Kitasa kinataka kuinuliwa kwanza ndipo kivutwe, ameambiwa hivyo na Fundi kwenye maelezo ya uwanja, naye amekiinua. Ametazama nyuma. Kile kitambaa amekinyoosha kabla ya kuondoka. Anatoka, na mlango anaurudisha polepole, kwa sababu mwenye nyumba anataka kulala."

Mzee wangu alijifuta uso kwa kiganja, kile chenye maandishi yangu.

"Thibitisha," akasema.

Nikabonyeza. Simu ikauliza kama mtunzi anataka kukabidhi viwanja. Nikamsogezea, akaitazama kwa karibu sana, akabonyeza mwenyewe. Akaniuliza sasa afanye nini. Nikamwambia asifanye kitu. Akaegemea kitambaa changu, na kabla sijapata hata neno la kumchokoza nalo, alikuwa ameshaanza kukoroma.

Nilikaa kwenye kiti cha pili. Kitu nilichokililia miaka yote nilikuwa nimekipata, na bado nilimwonea uchungu. Miaka kumi na moja alikuwa akikaa hapa na watu, na mimi nikidhani yuko peke yake na simu.

Simu ikawaka mkononi mwangu. Ilikuwa ni Msumari.

"Amelala?"

Nikasikiliza feni kidogo, nikamjibu.

"Amelala."