Kuku Wawili Magotini

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mwanangu, nilipofungua begi langu kule juu ya milima ya Lesotho nikakuta kuku wawili. Hawakuwa kuku wa kuchinja. Wangekuwa wa kuchinja ningemshukuru shangazi yangu, nikala, nikasahau.

Tulia kwanza nikueleze. Hadithi ya theluji kutoka kwa mtu wa Malvern, mtaa wa Johannesburg, haianzii kwenye theluji.

Ilikuwa miaka michache kabla dunia haijavaa barakoa. Nilikuwa kijana, nikiishi Jules Street na Shangazi Feza, fundi cherehani, mtu wa Uvira kule Kongo. Kila majira ya baridi nilitoka Johannesburg kwenda Lesotho kufanya kibarua, kuwafunga viatu watu wa Sandton, mtaa wa matajiri, waliokuja kuteleza kwa skii, zile mbao mbili ndefu. Nikifunga vya wenzangu, nikajifunza kuvaa vyangu. Na katika michezo yote ya theluji, moyo wangu ukaangukia ule wa vichuguu.

Mteremko mzima unajaa vichuguu vya theluji. Unashuka katikati yake kwa kasi, magoti yamebanana kama ya mtu aliyeshikwa na haja kwenye foleni ya vibali. Njiani yako matuta mawili ya kurukia. Hapo unapaa, unapinduka hewani, unatua, unaendelea na vichuguu. Waamuzi wako chini, wanatazama. Na alama nyingi si za kuruka, mwanangu. Ni za vile unavyopita vichuguuni, na huko magoti ndiyo yanayosema.

Mimi nilipenda kuruka. Kiangazi, Johannesburg ikiwa haina hata tone la barafu, nilipanda juu ya kontena uani kwetu nikajirusha kwenye magodoro ya jirani, nikijipindua mpaka kuku wa watu wakaacha kutaga. Mtaa mzima uliniita Ndege. Kocha wangu, Ntate Lebona, mzee wa Kisotho mwenye maneno machache, alinipeleka kwenye vilima vya mchanga wa machimbo kule karibu na Turffontein, nikashuka mbio, nikapanda, nikashuka tena. Kila mara neno lake lilikuwa moja: bana magoti. Nami nikabana mpaka alipogeuka.

Ukafika mwaka wa mchujo. Nafasi ilikuwa moja tu ya kwenda Ulaya, kwenye mashindano madogo ambako mtu huanza kuokota pointi, na pointi ndizo ngazi ya kufikia Kombe la Dunia. Wagombea tulikuwa wawili, mimi na kijana wa Sandton aitwaye Riaan. Asiyepata angerudi kufunga viatu.

Sasa sikiliza desturi ya mchezo huu. Wachezaji hushonewa viraka vya rangi kali magotini, ili waamuzi walio mbali waone kama magoti yanakwenda pamoja. Na magoti yangu hayakuwa yakienda pamoja. Nikampelekea shangazi suruali yangu nyeusi.

"Shangazi, naomba viraka vyeusi."

"Kiraka cheusi kwa suruali nyeusi? Ni cha kazi gani?"

Nikamweleza desturi. Akatoa pini mdomoni.

"Kumbe ni vya kuonyesha. Na weye hautaki wayaone. Magoti yako iko na shida gani?"

"Yanaachana kidogo."

"Kama bibi na bwana?"

"Kama majirani waliogombania maji."

Alicheka mpaka akashikilia meza ya cherehani. Kisha akasema, "Acha hapa. Nitaishona." Nami nikaondoka nikifurahia akili yangu.

Ndipo asubuhi ya mchujo nikafungua begi. Juu ya kila goti alikuwa ameshona kipande cha kitenge chekundu, na katikati yake kuku wa njano, mnene, ukubwa wa sahani, anatazama mbele kama mwenye nyumba. Suruali nyingine sikuwa nayo. Nikampigia simu.

"Shangazi, umeniwekea kuku."

"Niliwaweka mimi, nawajua. Wako salama?"

"Waamuzi wataona kila kitu."

"Si ndiyo kazi yao? Sikia, mutoto. Wateja wangu wote wanataka nguo ifiche. Kitambi, ficha. Mgongo, ficha. Ninaficha, sababu wao wanaenda harusi, wanakaa kwa kiti. Weye unashuka mulima. Ukificha pabovu, nani atakutengeneza? Mficha maradhi, kifo kinamuumbua. Vaa, uende."

Akakata simu. Nilivaa, nikaenda. Njiani watu walipiga picha, si zangu, za kuku. Riaan aliniuliza kwa upole kama hiyo ni nembo ya timu ya taifa au ya mgahawa. Ntate Lebona alinitazama kutoka juu hadi magotini, akasema, "Eish," kisha akawasha kamera ya simu yake.

Nilishuka. Mwanzoni kuku walikwenda bega kwa bega kama watawa. Nikaruka tuta la kwanza, nikapinduka, watu wakashangilia. Nilipotua, kuku wa kulia akaamua kwenda zake. Wa kushoto akabaki. Nami, niliyekuwa mwenye kuku wote wawili, nikafika chini kwa mgongo, skii moja ikinitangulia.

Riaan alipata nafasi. Sikupambii hadithi, mwanangu, alistahili.

Nilikuwa bado nimelala kwenye theluji Ntate Lebona aliponijia na simu yake. Alisimamisha picha. "Tazama kuku wa kulia. Anaondoka kabla ya kichuguu, si baada yake. Mwaka mzima nakuambia ubane magoti, kumbe kosa haliko hapo. Unasimama mapema mno. Hujainama. Ukiwa na suruali nyeusi tupu, sikuweza kuliona."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni bila kujua inasema na magoti yangu. Mwaka uliofuata niliutembea nimechuchumaa. Shangazi alinibandika mto katikati ya magoti akanituma mkate spaza, kile kiduka cha mtaani, na watoto wa Jules Street wakanifuata nyuma wakichuchumaa pia, na ole wangu nirudi bila mto.

Mchujo uliofuata nafasi ilikuwa yangu. Huko Ulaya niliokota pointi moja moja, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika, hadi siku moja nikasimama kwenye mstari wa kuanzia wa Kombe la Dunia. Nilikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Lakini nilimaliza wima, na kati ya magoti yangu usingepitisha hata karatasi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Utakapokwenda mbele ya wanaokupima, utashawishika kuwaonyesha unapong'aa na kufunika unapolegea. Unapong'aa hapahitaji fundi. Fungua unapolegea, papake rangi ikibidi, wakucheke, kwa sababu kati ya wanaocheka yuko mmoja anayetazama ili akusaidie, naye hawezi kushika asichokiona.

Mungu akujalie mtu mwenye jicho kali na mapenzi makubwa kwako, na siku atakapokuambia ukweli, akujalie miguu isiyokimbia.