Barua ya Mpishi kwa Lodi

Tarehe 9 Novemba 2015, Audrey Stobbs, mpishi wa shule ya msingi mjini Sunderland, alipeleka posta barua yake ya kwanza kwa lodi, mjumbe wa baraza la juu la Bunge la Uingereza. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kabla ya siku hiyo barua ndefu kuliko zote alizowahi kuandika ilikuwa ya kulalamikia viazi.

Kisa kilikuwa muswada. Serikali ilitaka kuondoa katika sheria kipimo kinachohesabu watoto maskini kwa kipato cha nyumba yao. Badala yake ingehesabu nyumba zisizo na mtu mwenye kazi, na alama za watoto shuleni. Audrey alilichambua jambo hilo huku akipaka siagi mikate ya asubuhi. Binti yake Leanne alipakia maboksi ghalani wiki nzima, na mjukuu wake Kian aliongoza darasa. Kwa kipimo kipya, nyumba ile ilikuwa salama salimini. Lakini Kian alifika shuleni mapema kuliko wenzake kila siku, kwa kuwa mkate wa pale ulikuwa wa bure.

"Sasa utamwandikia lodi gani?" aliuliza Sandra Pescod, mwenzake wa jikoni. "Wale hatuwachagui. Huna wako."

"Ravensby."

"Yule aliyekuja kufungua bwawa la kuogelea?"

"Alikula pai yangu mara mbili, Sandra, na mchuzi akaupangusa kwa mkate. Mtu wa namna hiyo hana uso wa kuninyima jibu."

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, limeandikwa kwa mkono. Pai aliikumbuka. Aliomba ruhusa ya kuisoma barua ile katika Bunge la Malodi, pamoja na majina, maana hoja isiyo na majina wenzake huisinzilia.

Hapo ndipo Audrey alipokumbuka kwamba hakuwa amemwambia Leanne lolote.

Leanne aliisoma nakala ya barua akiwa amesimama, koti la kazini bado mwilini.

"Umeenda kuniita maskini kwa lodi?"

"Sijakuita. Nimeeleza tu."

"Mama, mimi nafanya kazi! Sijamwomba mtu hata chumvi. Kesho utaona Dawn wa mlango wa pili ananiletea nguo kuukuu za wanawe."

"Dawn mwenyewe hizo nguo kazitoa kanisani."

"Majina hapana. Mwandikie bwana wako wa pai umwambie hapana."

Audrey hakuandika hapana wala ndiyo. Kwa wiki mbili mama na binti walizungumza kupitia Kian, ambaye alistarehe kweli kweli. "Bibi anasema chai ipo." "Mwambie Bibi nina macho."

Kilichomgeuza Leanne hakikutoka kwa mama yake. Wakati wa mapumziko ghalani, msimamizi mmoja alisoma gazeti kwa sauti, akasema umaskini ni ugonjwa wa watu wasiopenda kuamka. Mezani walikuwa wanawake wanane, wote waliamka saa kumi usiku, na watano kati yao walikuwa wanakula mkate mkavu. Hakuna aliyecheka. Leanne alirudi nyumbani amefura, akadai kalamu na ile nakala.

"Umeandika nafanya kazi saa thelathini kwa wiki. Ni thelathini na saba. Ukinitangaza, nitangaze sawasawa."

"Na majina?"

"Yote. Na utoe hilo neno 'masikini binti yangu'. Sijafa."

Tarehe 25 Januari 2016 malodi walijadili na kupiga kura. Audrey, Leanne na Kian walibanana kwenye kochi moja mbele ya televisheni. Lodi Ravensby alisimama, akavaa miwani, akasoma.

"Kasema thelathini na saba?" Leanne alinong'ona.

"Kasema. Nyamaza."

Kura zilipohesabiwa, wanaotaka kipimo kibaki walishinda. Audrey alimgeukia binti yake, akampa mkono kwa heshima zote.

"Hongera, mwanangu. Wewe ni maskini kisheria."

Leanne alimtandika kwa mto wa kochi, na Kian akauficha wa pili kabla Bibi hajalipiza.

Mwezi uliofuata serikali ilikubali. Sasa waziri atalazimika kuchapisha takwimu za kipato kila mwaka, na mtoto mwenye mzazi anayefanya kazi, kama Kian, atahesabiwa.