Kidude Kinachojua Chini Ni Wapi

Mimi nina mdomo, nakiri, na hasira zangu hazikai mbali. Natengeneza simu na redio mjini Singida, kwenye kibanda kinachotosha meza moja na kiti kimoja, na mume wangu husema nikianza kugombana na simu mbovu, mwenye simu husogea mlangoni. Kwa miaka yote ya kazi hiyo hakuna mashine iliyonitia adabu. Umeme unaingia, umeme unatoka, pale ulipokatika ndipo pa kugombana napo. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka nilipoagiza droni.

Na sikuiagiza kwa kucheza. Nilitaka baba aende hospitali.

Baba yangu ni mrina asali. Anakaa kijijini, upande wa Kilimatinde, karibu na pale ardhi inapokatika kuelekea bondeni. Alianguka kutoka juu ya mti wa mninga akikagua mzinga wake mkongwe, gogo lililochongwa na babu, akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga vibaya. Daktari alisema bila kuzunguka: apelekwe Dodoma apasuliwe, la sivyo hatatembea tena, na kila mwezi anaokawia unaongeza ugumu. Baba akakataa. Miezi minane alilala kitandani akitazama ukuta. Ukimbembeleza, jibu lake ni moja: "Nyuki wangu wapo? Kama hawapo, nitibiwe nirudi kufanya nini?"

Tulimwambia wapo. Mama alimwambia wapo. Jirani alitumwa akaangalie, akarudi na kusema wanavuma mpaka barabarani, kumbe hata kwenye korongo la kuelekea mtini hakufika, aliogopa nyasi ndefu. Na mimi, siku moja kwenye simu, nikiwa na bisibisi mdomoni na mteja mbele yangu, nilisema, "Wapo baba, wapo tele!" wakati sikuwa na habari nao hata kidogo. Baba alicheka kicheko kikavu. "Mnanibembeleza kama mtoto," alisema. "Siondoki hapa mpaka nione kwa macho yangu." Na kupanda mti ule hakuna aliyethubutu tena.

Basi nikaagiza droni, ikaja vipande vipande, kupitia mfanyabiashara wa Kariakoo anayeleta mizigo kutoka China. Fremu, mota nne, mapanga yake ya kuzunguka, kamera, kioo kidogo cha kuonea picha, rimoti yenye vijiti viwili, risiva ya kupokea mawimbi ya rimoti, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na bodi moja ya mraba, ukubwa wa biskuti, ambayo ndiyo ubongo wa vyote. Kibali nilikifuatilia kwanza, na mtendaji wa kijiji nilimwona, kwa hiyo msianze.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuifanya rimoti na risiva vijuane. Unabonyeza kitufe kwenye risiva huku unaiwasha, taa yake inaanza kukonyeza, kisha unaiambia rimoti itafute. Nilingoja. Taa ikakonyeza, ikakonyeza, ghafla ikatulia, ikawaka moja kwa moja. Nikatoka na rimoti mkononi, nikapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mume wangu kabaki ndani na risiva akipiga kelele, "Bado inawaka! Bado!" Jamani, mimi ni fundi redio, mawimbi nayajua. Lakini nilisimama pale uchochoroni mwili ukanisisimka. Hewa ile ile ilikuwa imejaa simu za mtaa mzima, na redio za watu, na adhana, na hivi viwili vilisikizana vyenyewe, kama mama anavyosikia kilio cha mwanawe katikati ya mnada.

Halafu nikaichomeka ile bodi kwenye kompyuta. Kwenye kioo kikatokea kidroni cha kuchorwa. Nikaiinua bodi upande mmoja, na kile cha kwenye kioo kikainuka upande ule ule. Nikaigeuza kichwa chini, nacho kikageuka. Hakuna macho pale, hakuna chochote, biskuti tu ya shaba na plastiki, na inajua chini ni wapi! Nilimwita mume wangu aone. Aliangalia muda mrefu, mwisho akasema, "Mke wangu kazaa ndege," akaenda zake kulala.

Kosa nililifanya mimi, kwa haraka zangu. Nilipoifunga bodi kwenye fremu, tundu la waya liliangukia mahali pasipofikika, nikaona isiwe taabu, nikaizungusha bodi robo ili tundu litokee pembeni. Nikakaza skrubu nne. Kesho yake nikaitia droni kwenye ndoo ya rangi, nikaifunika na kanga, nikapanda basi mpaka Manyoni, kisha bodaboda mpaka nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Macho, baba."

Akageukia ukuta.

Sikungoja hata chai. Niliiweka droni katikati ya uwanja, mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi, nikasukuma kijiti polepole. Mapanga yakalia. Ikajiinua shibiri moja, halafu, mama wee, ikajibinua ubavu, ikaanguka kifudifudi ikawa inachimba vumbi kama kuku mwenye kichaa. Mapanga mawili yakavunjika. Niliitukana. Niliitukana yenyewe, na aliyeitengeneza, na meli iliyoileta, mpaka mama akasema, "We mtoto, watu wanasikia!"

Kutoka chumbani sauti ya baba ikauliza, "Kimeanguka?"

"Kimeanguka, baba!"

"Kilete hapa."

Kwa miezi minane hakuna kitu alichoomba kuletewa, zaidi ya maji. Nikaipeleka. Niliyatoa mapanga yote kwa usalama, nikaweka kompyuta kwenye stuli, nikachomeka waya, nikamweleza kile nilichokijua mimi: kwamba ndani mle kuna bodi inayohisi ikilala au ikisimama, na mara mia nyingi ndani ya kufumba na kufumbua inaziambia mota, wewe ongeza, wewe punguza, ili isianguke.

Baba aliishika kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. "Kinajua chini ni wapi?" aliuliza.

"Kinajua."

"Hata gizani? Hata upepo ukikipiga?"

"Hata hivyo."

Kisha akasema taratibu, "Mimi siku ile sikujua. Kamba ya kupandia ilipokatika niliona majani, nikaona jua, nikaona majani tena. Sikujua chini ni wapi mpaka chini ilipokuja yenyewe." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akizungumzia kuanguka kwake. Mama alikuwa kasimama mlangoni, akakaa chini pale pale kizingitini.

Baba akaiinamisha droni mbele, akatazama kioo. Akairudisha, akaiinamisha tena. "Mwanangu," alisema, "mimi nainamisha mbele. Hiki cha kwenye kioo kinalala kulia."

Nikaangalia. Loh! Kweli. Bodi niliyoizungusha kwa ajili ya waya ilidhani bado inaangalia mbele, wakati mbele yake ilikuwa ubavuni mwa fremu. Ilipohisi inaanguka mbele, ilijiokoa upande usio wenyewe. Haikuwa mbovu, mimi ndiye sikuiambia ukweli wa ilivyokaa. Na fundi mzima nimeonyeshwa na mzee asiyewahi kuwasha kompyuta! Nikaingia kwenye programu, nikaiandikia kwamba imezungushwa nyuzi tisini, nikahifadhi. Baba akainamisha mbele, na kidroni cha kwenye kioo kikainama mbele. Akacheka, safari hii kicheko chake chenyewe, cha zamani.

"Sasa mtoeni huyu mzee nje," akasema.

Tulimtoa asubuhi ya pili, saa tatu, kabla upepo haujaanza fujo zake. Mama alishika upande huu, mimi ule, tukamketisha kwenye kiti cha kamba, mto nyuma ya mgongo. Niliweka mapanga mapya. Nilikagua mara tatu. Niliihakikisha rimoti, nikaihakikisha risiva, nikahakikisha kwamba mawasiliano yakikatika droni itashuka yenyewe na si kutoroka. Nikasukuma kijiti.

Ikapanda. Ikapita kimo cha mtu, ikapita paa, ikasimama hewani. Niliachia vidole kidogo nione itafanya nini, na haikufanya kitu. Ilikaa pale, ikitetemeka kidogo kidogo, ikijishika yenyewe angani pasipo na tawi wala kamba. Machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa machozi. Mama akasema, "Subhanallah," kisha akaona haya, maana sisi ni watu wa kanisani, ni neno alilolizoea kwa majirani.

Kioo cha picha nilikifunga juu ya rimoti, kikiniangalia mimi. Baba alikuwa ananielekeza kwa mdomo. "Fuata korongo. Sasa tafuta mti uliopigwa na radi. Hapo shika kushoto." Lakini kutoka juu hakuna alichosema nilichokiona kama alivyokisema. Korongo lilikuwa uzi mweupe. Miti yote ilikuwa mabonge ya kijani. Ilibidi aniulize, nami nimjibu, mpaka tukauona mninga, mkubwa kuliko wenzake, na kwenye tawi lake gogo limelala.

Nikasogea polepole. Mita kumi. Mita tano. Na mimi ndiye niliyeona kwanza.

Kifuniko cha mzinga kilikuwa kimefunguka, kinaning'inia. Mlangoni pa nyuki palikuwa na utando wa buibui, mzima, haujaguswa, unang'aa kwa jua. Hakuna nyuki hata mmoja.

Niliyasikia masikioni maneno yake: kama hawapo, nirudi kufanya nini? Kidole changu kilikuwa karibu na swichi ya kioo. Ningekizima tu, nikasema, ah, betri, baba, lakini wapo, nimewaona, tele. Ningemdanganya, angeenda Dodoma, angetembea. Nani angenilaumu? Nilisimama pale na uongo wangu tayari mdomoni, mtamu kabisa.

"Mbona umenyamaza?" baba akauliza.

Sijui kilichonishika. Labda ni jinsi alivyoinamisha droni mbele na kusema kile alichokiona. Nilichuchumaa mbele ya kiti chake, nikakigeuza kioo kikamwangalia yeye.

Alitazama. Mama alisogea, akaona, akaweka kiganja mdomoni. Droni ilivuma kule mbali.

"Walihama," baba akasema.

"Ndiyo, baba. Tulikudanganya. Wote. Na mimi pia."

Akasema, "Hebu kipandishe."

Nikaipandisha. Mninga ukawa mdogo, msitu ukafunguka, na pembeni ukatokea ukingo wa bonde, na chini yake tambarare ya Bahi, pana, ya bluu, isiyo na mwisho, na vivuli vya mawingu vikitembea juu yake. Baba alikishika kioo kwa mikono yote miwili, rimoti ikiwa bado mikononi mwangu, vichwa vyetu vimegusana. "Pale nilichunga ng'ombe," alisema kwa sauti ndogo. "Pale nilimwona mama yako mara ya kwanza. Kumbe ni hapa na hapa! Nimetembea miaka yote, kumbe nilikuwa naizunguka sehemu moja, na ilikuwa nzuri hivi!" Sikuwahi kumwona baba akistaajabu. Nilidhani wazee wameshamaliza kustaajabu.

Rimoti ikaanza kulia kwamba betri inakaribia kwisha, na hii haikuwa ile betri ya uongo wangu. Nikairudisha, nikaitua kwenye uwanja, mapanga yakasimama. Nikangoja aombe kurudishwa kitandani, ageukie ukuta wake.

"Mzinga wenye nyuki," baba akasema, "haumhitaji mtu. Unauacha, wenyewe wanajua kazi yao. Lakini mzinga uliohamwa haujifanyii kitu. Lazima ushushwe, ukwanguliwe utando, uchomwe moshi ndani, upakwe nta, urudishwe kabla ya mvua, ndipo wengine waje. Nani anajua kuufanya hivyo hapa?"

Anayejua ni yeye peke yake.

"Kupanda sitapanda tena, hilo nalijua, msinidanganye," akaendelea. "Atapanda mwingine, nimwelekeze kutoka chini. Lakini mtu haelekezi kazi ya mtini akiwa kitandani. Kusimama lazima nisimame. Basi la Dodoma linapita Manyoni saa ngapi?"

Mama ndiye aliyemjibu, kisha akaingia ndani mbio, na tukamsikia akivuta vitu chini ya kitanda, akitafuta viatu vya baba.