Debra Aliyeoga Ziwani Mara Moja

Namalwa, fundi wa blauzi za sari pale Ngara, alikuwa na wimbo mmoja, kwamba yeye haugui kamwe. "Mimi sigonjekangi! Maji ya ziwa nimeoga tangu nitambae kule Bunyala, na kila Desemba narudi kuoga. Nitazame!"

Lo, kumbe majaribu yako njiani. Alimpeleka bintiye Debra, mtoto wa Nairobi, kwenye matanga ya babu yake huko Bunyala, na mwezi mmoja baadaye msichana akawaka homa. Akakohoa, akatoka vipele, akajikuna mpaka damu. Malaria? Hakuna. Taifodi? Hakuna. Namalwa akachanganyikiwa kabisa. Walioga ziwa moja, wakala chungu kimoja, mbona yeye mzima? Ndipo akamkumbuka Joyline, mke wa kaka yake, aliyempakulia Debra samaki kwa sahani ya peke yake. Kwa nini peke yake? Alimtilia nini? Tangu hapo Joyline akipiga simu, haishikwi.

Kwenye kliniki moja Hurlingham, Daktari Ekta alisoma majibu ya damu.

"Ni kichocho, mama. Vijidudu vya ziwani vimepita kwa ngozi. Mwili wa Debra haujawahi kuviona, kwa hivyo chembe nyeupe za damu zimeamka kwa fujo. Hiyo homa na kuwashwa ni vita vyenyewe."

"Na mimi niliyeoga miaka yote?"

"Wewe pia tukupime choo."

Namalwa nusura acheke. Majibu yalipotoka, mayai ya minyoo ya kichocho tele, na daktari alipompapasa tumbo, ini limeanza kuvimba.

"Mwili ukizoea minyoo hupunguza kelele," daktari alisema. "Lakini mayai yanaendelea kuharibu."

"Sasa hapa mgonjwa ni nani?" Namalwa aliuliza. Kichwa kilimzunguka. Anayejikuna ndiye afadhali? Ajabu gani hii!

Walipewa dawa, mama na mwana. Namalwa hakungoja afike nyumbani. Alisimama pale mlangoni mwa kliniki, akampigia Joyline.

"Mulamwa, wifi yangu, nisamehe. Nilikuwaza vibaya. Tafadhali, wewe na watoto nendeni mkapimwe kichocho."

Joyline akacheka kwa furaha ya kusikia sauti yake.

"Sisi? Aa, mulamwa, sisi hatugonjekangi! Watoto ndio hao ziwani wanaoga, nawaona kutoka hapa. Hakuna hata mmoja anajikuna."