Maharage ya Yeyo Mkutanoni

Miaka ile ya soko huria, maduka ya pembejeo yalipoanza kujaa mjini Arusha, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilipata kibarua cha kupanga viti na kugawa chai kwenye ukumbi wa mikutano. Mkutano ninaoukumbuka ulihusu biashara ya kimataifa. Wajumbe wa nchi nyingi walibishana kama kampuni inaweza kumiliki mbegu, mnyama, hata kijidudu, kwa hati, kama mtu anavyomiliki kiwanja. Waliweza kukwama kwenye sentensi moja siku nzima.

Waandaaji walitaka wakulima walete mbegu za asili, zipangwe mezani mlangoni. Mama yangu, tuliyemwita yeyo, akashuka kutoka kijijini kwetu Oldonyo Sambu na kibuyu cha maharage yenye madoa mekundu, aliyoyapata kwa mama yake. Ndiyo yaliyokuwa mbegu yake yote ya msimu.

Kwetu anayeomba mbegu hanyimwi. Anachota, anapanda, na akivuna anarudisha na nyongeza kidogo. Hata wadudu wakiingia ghalani kwako, mbegu yako bado ipo kwa jirani.

Wajumbe walipotoka kunywa chai waliyapenda yale maharage. Mmoja, Mtanzania mwenzetu wa suti ya kijivu, akamtania.

"Shikamoo mama. Nigawie na mimi, nikapande ofisini."

"Marahaba. Chota, baba. Ukivuna utaniletea."

Wakacheka, wakachota, wakatia mifukoni. Yeyo hakuwa anatania. Alirudi nyumbani na kibuyu kitupu, amefurahi, akizitaja nchi ambako maharage yake yangeota.

Mkutano uliisha bila kuafikiana. Nilipofagia ukumbi niliyakuta mengine chini ya viti, yamekanyagwa.

Mvua zilipokaribia, yeyo alizunguka kwa majirani kuomba mbegu. Wengi walikuwa wamehamia mbegu za dukani. Wengine walilimia kampuni, nayo ilibeba mavuno yote, hawakuruhusiwa kubakiza hata kiganja. Yale ya madoa hayakuwepo kwa yeyote. Akanunua pakiti, akapanda.

Nilipokwenda kumuaga, maana nilikuwa naondoka kutafuta maisha Tunduma, nilimkuta anapura hayo ya dukani. Akaniuliza, "Wale wageni bado hawajavuna?"

Nikamwambia huko kwao misimu ni tofauti na yetu.

"Basi tungoje," akasema, akainua tena fimbo yake.