Mwavuli wa Baba Mkwe

Fundi wa kompyuta aliyetoka Mbeya kutufundisha alikuwa mkali kweli kweli. Ukiinuka mezani, alisema, hata nyumba ikiwaka moto, bonyeza kwanza vile vitufe viwili skrini ijifunge. Sisi wa masijala ya hospitali hapa Tukuyu tuliitikia vizuri tu. Moto aliufikiria, baba mkwe hakumfikiria.

Kwetu Wanyakyusa, mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Ukimwona njiani unachepuka, hata kama ni kwenye matope. Wenzangu wengi wameshauacha mwiko huo. Mimi nimesoma, nina laptop ya ofisi, na bado miguu yangu inautii bila kuniuliza.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimefungua majibu ya vipimo vya mama mmoja wa Lufingo, jirani wa wakwe zangu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwenye koti refu. Ni yeye. Nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Nilipofika kwenye migomba ndipo nikaikumbuka skrini. Meza yetu ilikaa vibaya, skrini inatazama dirisha la wagonjwa, na foleni siku hiyo ilijaa watu wa Lufingo. Wakisoma jina la yule mama na ugonjwa wake, kufikia jioni asingekuwa na pa kupita. Mwenzangu alikuwa amekwenda kunywa chai, na mimi kurudi ndani siwezi.

Nikachungulia kwa nyuma. Mzee alikuwa ameufungua mwavuli wake mkubwa mweusi mle ndani, ameuegemeza mezani hadi ukaifunika laptop yote. Yeye mwenyewe aliupa mgongo, anawatazama watu wa foleni. Mmoja akamuuliza kama paa linavuja.

"Linavuja," akajibu.

Jioni mama mkwe alinijia jikoni. "Baba yako anasema siku nyingine ufunge kwanza kile kitu chako, halafu ndiyo ukimbie. Yeye atakohoa mlangoni."

Na kweli, kila alipokuja kliniki ya presha alikohoa pale nje mpaka manesi wakataka kumpima kifua. Tulicheka sana nyumbani, mimi jikoni, yeye sebuleni, kila mtu upande wake.

Alifariki mwaka jana, msimu wa baridi. Namkumbuka kuliko nilivyodhani ningemkumbuka mtu ambaye sikuwahi kumtazama usoni. Vile vitufe sasa navibonyeza bila hata kufikiri, na hakuna anayekohoa. Angeingia leo, ningeifunga laptop, ningeinamisha macho, lakini nisingekimbia. Ningemwambia ndaga fijo, asante sana, ambayo miaka yote ile nilimpelekea kwa mdomo wa mkewe.