Bibi Alitaka Kuandikwa

Enzi zetu pale mtaani kwetu Ghubra, Ijumaa iliyoingia kanda ya vidio kutoka London ilikuwa sikukuu ndogo. Shangazi Thuraya, dada mkubwa wa baba, alikuwa akiandika michezo ya televisheni na ya jukwaani huko Uingereza, na kila mchezo mpya ulipoonyeshwa alitutumia kanda kwa msafiri. Baada ya biriani tunajazana sebuleni, mapazia yameshushwa, udi unafuka, kahawa inazunguka. Sisi watoto ndio wakalimani, kwa Kiingereza chetu cha darasani. Tuliposhindwa tulitunga, na wakubwa walicheka vilevile.

Waigizaji walikuwa Waingereza watupu, lakini ukoo wetu ulijiona humo. Mwanamke wa kwenye kanda akificha sahani nzuri wageni wasizione, mdogo wake Thuraya, Shangazi Rahma, ananuna: "Mie huyo. Mambo ya ndani kayapeleka kwa Wazungu." Thuraya akija likizo, jikoni sauti zinashuka. Sisi tulimfuata chumba kwa chumba, tukitamani atuibie hata neno moja.

Bibi, mama yao, peke yake hakuwa na la kunung'unikia, na hilo ndilo lililomuuma. Kila kanda aliitazama mpaka mwisho, macho hayabanduki, asijione. Alasiri moja nilimsikia akimwambia Thuraya, huku akimpaka hina mkononi: "Na mie uniandike, mwanangu, ningali hai. Nnataka kujiona."

"Bado, mama. Sijakupatia sawasawa."

Basi Bibi akasubiri. Ikija kanda anavaa kanga mpya, ikisha anasema, "Inshallah ijayo," kisha anaomba kahawa nyingine. Alifariki akisubiri.

Watoto wetu wa leo hujirekodi hata wakila chipsi. Simu ikiisha chaji wanajiona wamefiwa. Sisi hatuna hata sauti ya Bibi. Nawacheka, lakini hapo nawaonea wivu.

Juzi Shangazi Thuraya, sasa mzee, alipiga simu kutoka London. Ameandika mchezo wa jukwaani wa mwanamke mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Akatusomea, mimi na Shangazi Rahma, simu ikiwa kwenye spika. Nilifumba macho, na Bibi akaingia sebuleni na harufu yake ya asumini, akitugombeza kwa mapenzi kama zamani. Nililia bila kujificha.

"Nimempatia?" Thuraya aliuliza.

Shangazi Rahma aliivuta simu karibu.

"Ndiye kabisa, dada. Ila sie tulikuwa tukimwona kila siku. Aliyetaka kumwona ni yeye."